Mkoa, Wilaya, Kaunti, Komuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ngazi za Utawala

Kazi yangu ni kujazia watu fomu. Nina meza, kompyuta na printa inayokwama kila ikinyesha mvua, hatua chache kutoka ofisi za wilaya. Wanaokuja ni wa kila namna: anayefuatilia cheti cha kuzaliwa, anayeomba pasipoti, kijana aliyepata nafasi ya kusoma nje, mama aliyeolewa Mombasa, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayepitisha mzigo Tunduma. Karibu wote hukwama mahali pamoja, pale fomu inapotaka kujua umetoka wapi na hapo panaitwaje. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayotoa nikiwa sina foleni.

Wilaya si ni wilaya tu, popote uendapo?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Neno lenyewe ni la Kiarabu: eneo lililo chini ya wali, mtu aliyekabidhiwa madaraka na mtawala. Oman mpaka leo kila wilaya ina wali wake. Pwani yetu wali huyohuyo ndiye liwali, aliyemwakilisha Sultani wa Zanzibar katika miji kama Mombasa, Lamu na Kilwa. Wajerumani walipoichukua Tanganyika hawakuutupa mpangilio huo. Walimwacha liwali mijini, wakaweka maakida juu ya majumbe wa vijiji, na juu ya wote akakaa ofisa wa Kijerumani ambaye watu walimwita bwana shauri. Ngome yake ndiyo boma. Ndiyo maana mtu wa leo anakwambia anakwenda bomani, na bomani kwenyewe ni jengo la ghorofa moja lenye antena ya intaneti juu ya bati.

Sasa tazama neno hilohilo lilivyotawanyika. Algeria wilaya ndiyo ngazi ya juu kabisa chini ya serikali kuu. Zilikuwa 48 tangu 1984, zikaongezwa hadi 58 mwaka 2019. Oman wilaya ni ngazi ya pili, chini ya mikoa 11. Tanzania nayo ni ya pili, chini ya mkoa. Uganda hakuna mkoa wenye serikali yake, kwa hiyo wilaya inaitazama Kampala moja kwa moja. Kenya wilaya zimemezwa na kaunti, ingawa ulimini bado zipo.

Na si wilaya peke yake. Kata ya Tanzania ina diwani aliyepigiwa kura. Kenya wakisema kata mara nyingi wanamaanisha lokesheni, eneo la chifu, na chifu hapigiwi kura. Jimbo kwa Mtanzania ni la mbunge, kwa Mkongo ni eneo zima lenye gavana na bunge lake, na kwa Mkatoliki wa nchi yoyote ni la askofu. Mtaa kwa mtu wa Nairobi ni mahali anapoishi, basi. Kwa mtu wa Mwanza ni ofisi yenye mwenyekiti na muhuri.

Kama jina halisaidii, nitaijuaje nguvu ya ngazi fulani?

Mimi huuliza mambo matatu. Mkubwa wa hapo amechaguliwa na wakazi au ameteuliwa kutoka juu? Fedha zake zinatoka wapi? Na nani anaweza kuamka asubuhi akaifuta? Ukishapata majibu hayo, jina liache liwe lolote.

Tanzania Bara ina ngazi ngapi?

Zinazotajwa kwenye fomu ni mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji au mtaa, na kitongoji. Mikoa iko 31 nchi nzima, 26 Bara na 5 Zanzibar. Wa mwisho kuzaliwa ni Songwe, mwaka 2016, uliokatwa kutoka Mbeya. Usidhani mkoa ni kitu kidogo: Tabora peke yake ni mkubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Kuzihesabu ni rahisi. Kinachowachanganya watu ni kwamba ndani ya ngazi hizo zimepita kamba mbili. Ya kwanza ni ya serikali kuu: Rais anamteua mkuu wa mkoa, anamteua na mkuu wa wilaya, na chini yao yupo afisa tarafa. Ya pili ni ya serikali za mitaa: wewe unamchagua diwani wa kata, madiwani wanakaa kwenye halmashauri, wanamchagua mwenyekiti, au meya kama ni manispaa au jiji. Anayeshika kalamu ya matumizi katika halmashauri ni mkurugenzi, naye anateuliwa na Rais. Kwa hiyo diwani uliyempigia kura anaweza kumhoji mkurugenzi, akamgombeza hata, lakini hakumwajiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo kamba ya pili ilipofungwa kwenye ya kwanza, na fundo halijawahi kulegea.

Mtu akisema "nimetumwa wilayani" ninamuuliza: kwa mkuu wa wilaya au halmashauri? Malalamiko ya usalama na ugomvi wa mipaka yanakwenda kwa mkuu wa wilaya. Kibali cha ujenzi, leseni ya biashara, shule ya msingi na zahanati ni za halmashauri. Na wilaya moja inaweza kuwa na halmashauri zaidi ya moja. Songea, kwa mfano, ina tatu: Manispaa ya Songea, Halmashauri ya Wilaya ya Songea na Madaba. Nimeona mtu akipoteza siku mbili na nauli kwa kupeleka barua kwenye halmashauri ya jirani, majengo yakiwa mji mmoja.

Ni kweli halmashauri ziliwahi kufutwa?

Ni kweli. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa na shughuli zao zikahamia ofisi za mikoa na wilaya. Lengo lililotangazwa lilikuwa kusogeza madaraka kwa wananchi. Kilichosogea ni watumishi wa serikali kuu, waliotoka Dar es Salaam kwenda mikoani, huku vyombo vilivyochaguliwa vikitoweka. Mabaraza ya miji yalirudishwa 1978 kwa sababu miji ilikuwa inachakaa, sheria mpya zikatungwa 1982, na halmashauri zikarudi kazini 1984. Leo serikali za mitaa zimo kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146.

Tarafa ni nini? Mbona sijawahi kuitwa huko?

Ni kundi la kata kadhaa chini ya afisa tarafa, ambaye ni jicho la mkuu wa wilaya. Haina baraza la kuchaguliwa wala bajeti ya kuringia. Kwenye fomu, kama huijui ya kwenu, muulize mtendaji wa kata.

Barua ya utambulisho naanzia wapi: kwa mjumbe au serikali ya mtaa?

Kisheria barua hiyo ni ya serikali ya mtaa, au ya kijiji kama uko kijijini: anaiandika mtendaji, au anaisaini mwenyekiti, na muhuri unagongwa hapo. Mjumbe wa nyumba kumi, anayeitwa pia balozi, ni kiongozi wa chama, amebaki tangu enzi za chama kimoja. Mfumo wa vyama vingi ulirudi 1992, na tangu hapo balozi si ngazi ya serikali.

Huo ndio upande wa kitabuni. Sasa njoo mezani kwangu. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Juu imeandikwa jina lake kwa kalamu nyekundu, chini sahihi ya balozi, bila muhuri. Ofisi ya mtaa ilimwambia bila karatasi ile haimjui. Ofisi nyingine alikopeleka barua ya mtaa ikasema karatasi ya balozi haitambuliki, itoe kwenye faili. Karatasi moja, lazima uwe nayo na marufuku kuwa nayo. Mtendaji wa mtaa wenye watu elfu kadhaa hawezi kuwajua wote kwa sura, ndiyo maana anamtegemea yule aliye jirani yako. Ushauri wangu: ipeleke kwa mtendaji, akishaandika barua yake, ya balozi ibaki nyumbani.

Kijiji chetu kimepandishwa kuwa mtaa. Tumepata au tumepoteza?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wanaoliuliza ni wachache mno.

Aliniuliza mzee mmoja, amekuja kuchapa barua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hongera zetu, siku hizi sisi ni mji."

Alikuwa amevaa koti kabisa. Nikamuuliza kama kile kiwanja cha mnada bado wanakipanga wenyewe kwenye mkutano. Akanyamaza kidogo. "Kile? Kile siku hizi wanakuja na ramani."

Kijiji kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Halmashauri ya kijiji inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Juu yake upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ardhi ya kijiji haigawiwi mpaka jambo lipite hapo. Msingi wa hilo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mtaa hauna kitu hicho. Una mwenyekiti wa kuchaguliwa, una kamati, una mikutano, lakini ni chumba ndani ya nyumba ya manispaa au mji. Mji ukipanuka na vijiji vya pembezoni vikageuzwa mitaa, ardhi inatoka mikononi mwa mkutano mkuu na kuwa chini ya wapimaji na wapangaji wa halmashauri. Mnapata barabara zenye namba na viwanja vyenye hati. Mnapoteza haki ya kunyoosha mkono na kusema hapana.

Sisemi kimoja ni bora. Kiwanja chenye hati kinakopesheka benki, shamba la urithi lisilopimwa ni shida. Ila neno "kupandishwa" linanikera, kwa sababu linamfanya mtu apige makofi kabla hajaulizwa.

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000. Kitongoji ni sehemu ya kijiji tu, nacho kina mwenyekiti wake.

Jiji la Dar es Salaam liko wapi hasa?

Swali linachekesha mpaka ujaze fomu. Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zamani juu ya manispaa kulikuwa na Halmashauri ya Jiji yenye meya wake. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mkazi wa Kariakoo yuko ndani ya jiji, na mkazi wa Sinza, ambaye maisha yake yote amejiita mtu wa Dar, kiutawala yuko Manispaa ya Ubungo. Kwenye fomu andika mkoa Dar es Salaam na halmashauri ya kwenu. Mtaani endelea kujiita wa Dar.

Na Zanzibar?

Mikoa 5, wilaya 11, na chini kabisa shehia. Sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa, hachaguliwi kama mwenyekiti wa kijiji wa Bara. Madiwani wapo, katika wadi. Ukiona fomu ya Bara inamlazimisha Mpemba aandike kijiji au mtaa, aandike shehia. Hakuna jibu jingine la kweli.

Kenya: kaunti zilipokuja, chifu aliondoka?

Hakuondoka hata siku moja. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, kila moja na gavana, bunge la kaunti na wawakilishi wadi. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Machi 2013. Kaunti hizo hazikuchorwa upya. Zimefuata wilaya kama zilivyokuwa kwenye sheria ya 1992, kabla marais hawajaanza kugawa wilaya mpya kama peremende kwenye mikutano. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2009 kwamba wilaya hizo za nyongeza hazikuwa na msingi wa kisheria.

Ukuta wa serikali kuu ulibaki umesimama pembeni: kamishna wa kaunti, naibu wake kwenye kaunti ndogo, kisha chifu wa lokesheni na naibu chifu. Huu ndio ule utawala wa mikoa wa zamani umebadilishiwa kanzu. Kwa hiyo mtu wa Kilifi ana wakubwa wawili. Barabara ya kijijini, zahanati na soko ni vya gavana. Barua ya kuombea kitambulisho, ugomvi wa shamba na baraza la chini ya mwembe ni vya chifu. Vitambulisho vya kizazi cha pili vyenyewe vinataja wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo; ndiyo maana Mkenya akija kwangu ninamwomba kitambulisho kwanza, nisimsikilize mdomo.

Hapa ninaisifu Kenya kwa jambo moja. Kaunti zote 47 zimetajwa kwa majina kwenye jedwali la kwanza la Katiba, na Katiba hiyohiyo inazihakikishia kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hakuna wa kuamka asubuhi akazifuta. Ubaya wake ni kwamba ukubwa umegandishwa nao: Turkana inazidi kilomita za mraba 68,000, Mombasa haifiki 300, na kila moja ina gavana mmoja na seneta mmoja. Japani nayo ina mikoa 47, kama mtu anapenda sadfa.

Kwa nini Uganda wilaya haziishi kuzaliwa?

Sensa ya 2002 ilizikuta 56. Leo ni zaidi ya 130. Sababu inayotajwa ni kusogeza huduma, na ipo: mtu aliyetembea siku nzima kufuata sahihi anashukuru makao makuu yakihamia karibu. Sababu nyingine imekaa ndani ya Katiba yao, isemayo kila wilaya iwe na mbunge mwanamke. Wilaya mpya ni kiti kipya bungeni, na mwenyekiti mpya, na magari mapya. Fedha nyingi za wilaya zinatoka serikali kuu, hasa baada ya kodi ya kichwa kuondolewa mwaka 2005, kwa hiyo kugawanya wilaya ni kuugawa mkate uleule vipande vyembamba zaidi.

Uti wa mgongo wa Uganda ni mabaraza yaitwayo LC, kifupi cha Local Council, yanayohesabiwa kwa namba: LC1 kijijini, LC2 parokia, LC3 kaunti ndogo, LC4 kaunti, LC5 wilaya. Yalianzia msituni, wapiganaji wa Museveni walipounda kamati za upinzani vijijini katika vita vya miaka ya 1980. Parokia hiyo haina padri, na kaunti hiyo iko chini ya wilaya, kinyume na Kenya ambako kaunti ndiyo ya juu. Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayekujua, na barua yake inafungua milango mingi. Hata hivyo wenyeviti hao walikaa madarakani tangu 2001 hadi 2018 bila uchaguzi. Ulipofanyika, watu walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wazi, jirani akimwona jirani.

Nimezaliwa Butare lakini ramani haina mkoa huo. Nimepotea?

Hujapotea, Rwanda ndiyo iliyopangwa upya. Mwaka 2006 mikoa 12 ilipunguzwa ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya zikatoka 106 zikawa 30. Chini yake kuna sekta 416, seli, na imidugudu yaani vijiji. Miji mingi ilibadilishwa majina: Butare ikawa Huye, Gitarama Muhanga, Ruhengeri Musanze, Gisenyi Rubavu, Cyangugu Rusizi. Lengo moja lilikuwa kuvunja ramani iliyobeba kumbukumbu za mauaji ya 1994 na kuchanganya watu katika maeneo mapya. Wilaya ndiyo yenye uzito; meya wake husaini mkataba wa malengo uitwao imihigo mbele ya Rais, na asipoyafikia anahesabiwa hadharani. Umudugudu ndio unaowatoa watu kwa umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Burundi imefuata njia hiyo hivi karibuni. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa 18 ikawa mitano: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na komuni, ngazi iliyo chini ya mkoa, zikatoka 119 zikawa 42. Mpangilio ulianza kazi na uchaguzi wa 2025. Mtu wa Makamba sasa ni wa mkoa wa Burunga. Nikimwandikia hivyo ananitazama kama nimemkosea jina la baba yake.

Na Katanga imekwenda wapi?

Jimbo hilo la Congo, ile ya Kinshasa, liligawanywa vinne mwaka 2015: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba ya Congo ya 2006 ilikuwa imekwisha kuandika kwamba majimbo yatoke 11 yawe 26 pamoja na Kinshasa, na ndani ya miaka mitatu. Ilichukua tisa. Wachunguzi wa siasa hawakushangaa kwamba mwaka uliochaguliwa ndio ambao gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, alikuwa akigeuka mpinzani wa Rais Kabila. Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hazikuguswa. Zenyewe ziligawanywa kutoka Kivu ya zamani mwaka 1988.

Katiba hiyo inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Muulize gavana yeyote kama anaiona.

Chini ya jimbo kuna miji na teritwari 145. Hizi ndizo redio za Kiswahili huziita wilaya, unasikia "wilayani Masisi", "wilayani Beni". Ndani ya teritwari kuna sekta, au himaya ya chifu wa kurithi, kisha vikundi vya vijiji. Miji imegawanywa komuni. Lubumbashi ina saba, na moja inaitwa Kenya. Nilimrudishia mteja fomu yake kwa sababu alijaza "Kenya" kama mahali alipozaliwa na Congo kama nchi. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.

Ulaya na Marekani wana mpangilio ulionyooka zaidi?

Ufaransa ilijaribu. Mwaka 1790, baada ya mapinduzi, ilifuta majimbo ya kale na kuchora maeneo 83 yaitwayo idara, kwa kipimo kwamba mtu aweze kufika makao makuu ya idara na farasi kwa siku moja. Leo ziko 101, ikiwemo Mayotte, kisiwa kimojawapo cha funguvisiwa la Komoro kilichofanywa idara mwaka 2011. Juu yake kuna mikoa, chini kuna komuni karibu 35,000, nyingi zenye watu mia chache na meya mwenye utepe wa rangi tatu. Kila serikali inataka kuziunganisha, na kila kijiji kinagoma.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, lakini kila jimbo lina desturi zake: Louisiana wanaziita parokia. Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10. Ya Loving, kule Texas, sensa ya 2020 ilikuta watu 64. Zote mbili zina sherifu wa kuchaguliwa. Ndugu zetu walioko huko hukutana na kaunti wanapolipa kodi ya nyumba au kutafuta cheti cha ndoa.

Uingereza nisiulizwe. Kuna sehemu zina baraza la kaunti na la wilaya, sehemu zina moja tu, na London ina mabaraza 32 pamoja na eneo la City lenye utaratibu wa peke yake.

Nani ana haki ya kubadili mipaka?

Tanzania, Katiba inampa Rais mamlaka ya kugawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata taratibu za sheria. Kwa kawaida maombi hupanda kutoka vikao vya vijiji, halmashauri na mkoa. Kenya, kubadili mpaka wa kaunti kunahitaji tume huru na theluthi mbili ya mabunge yote mawili. Uganda, Bunge. Tofauti hii inaeleza kwa nini ramani ya Kenya imetulia na ya jirani zake inatikisika.

Mkoa wangu umebadilika. Cheti changu cha kuzaliwa ni batili?

Hapana. Cheti ni kumbukumbu ya siku ile. Aliyezaliwa Babati kabla ya 2002 ana cheti cha Arusha. Wa Geita, Njombe, Mpanda na Bariadi kabla ya 2012 wana vya Mwanza, Iringa, Rukwa na Shinyanga. Wa Vwawa wa miaka ya tisini ana cha Mbeya. Usikibadili, na usimruhusu mtu akuuzie "cheti cha mkoa mpya". Fomu ikiuliza ulipozaliwa, nakili cheti neno kwa neno. Ikiuliza unapoishi, andika ramani ya leo. Kama vinagongana, ongeza barua fupi ya mtendaji inayosema eneo ni lilelile.

Fomu ya chuo cha nje ina nafasi mbili tu, na kwetu kuna ngazi sita. Niandike zipi?

Ya juu weka mkoa ukiwa Tanzania au Rwanda, kaunti ukiwa Kenya, wilaya ukiwa Uganda, jimbo ukiwa Congo. Ya chini weka mji au wilaya yako. Kata, kijiji na sanduku la posta viingie kwenye mstari wa anwani. Tahajia ifuate pasipoti, hata kama pasipoti imekosea. Kosa la pasipoti lirekebishwe uhamiaji kwanza, usilirekebishe kwenye fomu. Halafu piga picha ulichojaza. Wakikupigia simu baada ya miezi minne kuuliza kama Madaba ni mji au ni halmashauri, uwe na kitu cha kuangalia.